Mchoro haukupi sababu: kwa wadogo zangu mnaoanza jometri ya kidato cha tatu

"Kaka, si inaonekana?"

Jibu hilo ndilo lililonikalisha niandike. Jumamosi hizi nimekuwa nikipitia madaftari yenu hapa Tabora mjini, na kila nikikuta 90° imekaa peke yake bila neno pembeni, nikamuuliza mwenye daftari ameitoa wapi, naambiwa hivyohivyo. Inaonekana. Waliowatangulia walijibu hivyo, na waliowatangulia hao nao walijibu hivyo. Sura zinabadilika darasani, kosa limebaki na dawati lake palepale.

Kulisema kwa mmoja mmoja kumenichosha koo. Naandika mara moja, mpitishiane. Siwafundishi jometri ni nini, maana mmeshapita kidato cha kwanza na cha pili, mna mikebe, mnajua pembe kali na pembe butu, na Pythagoras mmemkariri mpaka mnamwota kwenye prepo. Ninalo jambo moja tu, nitalirudia mpaka liwakere. Katika swali la jometri kuna ulichopewa, kuna unachoweza kukithibitisha kutokana na ulichopewa, na kuna kinachoonekana. Hicho cha mwisho hakina maksi.

1. Chora upya, tena kikubwa

Mchoro wa kwenye karatasi ya mtihani haukuwekwa uupime kwa rula. Unazungumza kwa alama zake tu: vistari kwenye pande zilizo sawa, mishale kwenye mistari sambamba, kimraba kwenye kona yenye pembe mraba, na tarakimu zilizoandikwa. Kona isiyo na kimraba si pembe mraba hadi uonyeshe kwa nini, hata kama imesimama wima kama mlango wa bweni.

Chora upya kwenye ukurasa wa rafu, na ukipewa pembetatu bila maelezo zaidi, ichore isiyo na usawa wowote: pande tatu tofauti, imelala ovyo. Ukiichora nzuri yenye pande mbili sawa, jicho litaanza kutumia usawa ambao hukupewa, na hutajua umeanza lini. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakipoteza swali zima kwa sababu walichora mchoro mzuri mno.

Penseli ichongwe. Bikari ikazwe kabla hujaanza, kwa sababu iliyolegea inaondoka na sentimita 5 na kurudi na 5.3, na duara halifungi.

2. Sababu ni nusu ya jibu

Kila mstari wa kazi yako uwe na sababu pembeni. "Pembe kwenye mstari mnyoofu, jumla 180°." "Pembe zinazotazamana mistari inapokatana." "Pande mbili sawa, kwa hiyo pembe za kitako ni sawa." Msiniambie mtaziandika siku ya mtihani. Mkono usiozoea kuandika sababu kwenye zoezi hauandiki sababu kwenye pepa.

Mfano ni zile pembe za Z. Mnaona umbo la Z, mnaandika pembe ni sawa, mnaendelea. Je, mistari miwili ina mishale? Kama haina, na hujathibitisha kwamba ni sambamba, Z yako haina kazi. Usawa wa pembe hizo unatoka kwenye usambamba, hautoki kwenye umbo la herufi.

Na msiidharau. Eratosthenes, aliyeishi Aleksandria huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliupima mzingo wa dunia kwa Z hiyo. Alijua kwamba adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote mwakani jua huko Aswan liko utosini, miale inashuka wima. Siku hiyo na saa hiyo Aleksandria, vitu vilivyosimama wima vina kivuli, na pembe ya kivuli aliipata kuwa kama 7.2°, yaani moja ya hamsini ya duara zima. Jua liko mbali sana, kwa hiyo miale inayofika miji yote miwili tunaihesabu kuwa sambamba. Mstari unaotoka kitovu cha dunia kwenda Aleksandria unaikata miale hiyo. Chora, mtaiona Z: pembe ya kivuli Aleksandria ni sawa na pembe iliyoko kwenye kitovu cha dunia kati ya miji hiyo miwili. Basi umbali kati ya Aswan na Aleksandria ukizidishwa mara 50 ni mzingo wa dunia. Toa neno "sambamba" kwenye hoja hiyo, uone kama kuna kinachobaki.

3. Pande mbili na pembe yoyote: acheni

Njia za kuonyesha kwamba pembetatu mbili zinalingana kabisa mlifundishwa kidato cha pili. Pande tatu. Pande mbili na pembe iliyo katikati yake. Pembe mbili na upande. Na ile ya pembe mraba, upande mrefu unaoitazama, na upande mwingine mmoja. Sijui nani huwa anawaongezea ya tano, pande mbili na pembe yoyote iliyo karibu, lakini kila mwaka naikuta.

Fanyeni hivi usiku wa leo, msiniamini kwa maneno. Chora kitako kirefu. Mwisho wake wa kushoto uite A. Hapo jenga pembe ya 30°, na juu ya mkono wa pembe hiyo pima sentimita 8, uweke B. Fungua bikari sentimita 5, ncha iweke B, zungusha. Tao litakikata kitako mara mbili. Kutoka A hadi pa kwanza ni kama sentimita 3.9, hadi pa pili ni kama 9.9. Pande mbili ni zilezile, 8 na 5, pembe ni ileile, 30°, na una pembetatu mbili zisizofanana hata kidogo. Ukishusha mstari wima kutoka B hadi kwenye kitako utapata sentimita 4, na kutoka hapo chini kwenda kila upande ni sentimita 3. Tatu, nne, tano ilikuwa imejificha humo.

Sasa jiulize kwa nini ile ya pembe mraba imeruhusiwa, wakati nayo ni pande mbili na pembe isiyo katikati. Pembe ya A ikiwa mraba, tao linakata mstari wa kitako kushoto na kulia kwa umbali uleule, na pembetatu mbili zinazopatikana ni moja iliyopinduliwa. Ukilielewa hilo kwa kulichora, hutahitaji kulikariri.

4. Pande sawa hazitoshi

Hapa nakaa muda, mnivumilie, kwa sababu somo hili lililipiwa na mtu mzima niliyempenda.

Likizo ya mwisho wa mwaka, nikiwa nimemaliza kidato cha pili, baba mkubwa alianza kujenga Ipuli. Alikuwa amedunduliza kwa miaka. Tofali za kuchoma zilikuwa zimeshapangwa kiwanjani, mawe yameshushwa. Fundi alitaja bei ya kufunga kamba za msingi, baba mkubwa akaiona kubwa kwa kazi ya vigingi na uzi, na nyumbani kulikuwa na vijana waliosoma, mimi na binamu zangu. Akatukabidhi tepu. Nyumba ya mita 12 kwa mita 9.

Tulifanya kwa bidii, nawaambieni. Mbele, mita 12. Nyuma, mita 12. Kushoto 9, kulia 9. Kigingi kimoja cha nyuma kiliangukia mzizi wa mwembe, kikagoma kuingia, tukasogeza vigingi vyote viwili vya nyuma kidogo kuelekea upande mmoja. Kisha tukapima tena kwa uangalifu kuhakikisha 12 imebaki 12 na 9 imebaki 9. Jioni baba mkubwa alikuja, akapima kila upande kwa mkono wake, akaridhika, akatununulia soda. Kuchimba kukaanza kesho yake.

Ukuta ukapanda. Vyumba vya ndani vilipimwa kutoka kwenye kuta za nje, kwa hiyo navyo vikainama vilevile, na mtu akisimama ndani ya chumba kidogo haoni nyuzi mbili. Ikafika kwenye linta, hakuna aliyeona. Aliyeona ni fundi wa kupaua, mzee mtulivu. Kabla ya kupandisha kenchi ya kwanza alimwomba kijana ashike ncha ya tepu kwenye kona ya mbele kushoto, yeye akaenda kona ya nyuma kulia. Akasoma 15.25. Wakahamia kona nyingine mbili. Akasoma 14.75. Akakunja tepu, akamwita baba mkubwa pembeni.

Mstatili wa 12 kwa 9 una mita 15 kamili kutoka kona hadi kona, huku na huku. Ni Pythagoras: 12 mara 12 ni 144, 9 mara 9 ni 81, jumla 225, nayo ni 15 mara 15. Wetu ulikuwa na tofauti ya nusu mita. Tulikuwa tumejenga msambamba, umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, lakini kona zake si lazima ziwe mraba. Ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda upande zaidi ya sentimita 30 kuliko ulivyopaswa kuwa.

Hapakuwa na la kubomoa. Kenchi zilipandishwa, lakini bati linatoka kiwandani likiwa mstatili, na ukilipanga juu ya paa lililoinama kila moja linaanza mbele kidogo ya mwenzake, ukingo unakuwa ngazi. Yale ya ukingoni yakakatwa mshazari, mengine yakaongezwa, siku za fundi zikarefuka. Na haikuishia kwenye paa. Kila chenye kona mraba kilichoingia kwenye nyumba ile baadaye kilidai chake: dari, vigae vya sebuleni, kabati la ukutani.

Baba mkubwa hakugomba. Heri angegomba. Alituita jioni, tukakaa, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Haya hamkufundishwa huko shuleni?" Tulinyamaza, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa. Wiki chache kabla, mtihani wa kumaliza mwaka ulituuliza sifa za msambamba, na sifa ya kwanza niliyoandika ni kwamba pande zinazotazamana ni sawa. Nilipata tiki. Kisha nikaenda kiwanjani na sifa ya kila msambamba, nikaitumia kana kwamba ni ya mstatili peke yake. Maneno nilikuwa nayo yote. Swali ambalo sikuwahi kujiuliza ni hili: sifa hii ikitimia, ni maumbo gani bado yanaruhusiwa?

Wadogo zangu, swali hilo ndilo jometri yenyewe. Kila mnapoandika sifa ya umbo, ligeuzeni neno. Mstatili wowote una pande zinazotazamana zilizo sawa, kweli. Je, umbo lolote lenye pande zinazotazamana zilizo sawa ni mstatili? Chukua vijiti vinne, viwili virefu vya urefu mmoja, viwili vifupi vya urefu mmoja, uvifunge kona kwa uzi. Sukuma. Fremu inayumba, urefu wa vijiti haujabadilika hata kidogo, pembe zote zimebadilika. Sasa funga vitatu. Sukuma uwezavyo. Haiyumbi. Ndiyo maana pande tatu zinatosha kuthibitisha pembetatu kulingana, na ndiyo maana kenchi za paa hujengwa kwa pembetatu.

Basi nini kinatosha kuufanya msambamba uwe mstatili? Alichopima yule mzee: mistari miwili ya kona hadi kona iwe sawa. Na hili msilikariri, lithibitisheni. Msambamba ABCD, umepewa AC ni sawa na BD. Tazama pembetatu ABC na pembetatu BAD. AB ni ya wote wawili. BC na AD ni pande zinazotazamana, ziko sawa. AC na BD umepewa. Pande tatu kwa pande tatu, pembetatu zinalingana, kwa hiyo pembe ya B ni sawa na pembe ya A. Lakini BC na AD ni sambamba, na pembe mbili hizo ziko ndani upande mmoja, jumla yake 180°. Mbili sawa zenye jumla 180°, kila moja 90°. Kwisha. Uthibitisho huu unaingia kwenye nusu ukurasa, na ungeingia kwenye mkono wa shati langu siku ile pale Ipuli.

Mafundi wana njia nyingine, wao wanaita kutia skwea. Kutoka kwenye kona pima sentimita 60 kwenye kamba moja, 80 kwenye nyingine, na kati ya alama hizo mbili lazima zipatikane 100. Hapo wanatumia Pythagoras aliyegeuzwa: pande zikitimiza hesabu, basi pembe ni mraba. Nanyi mnatakiwa muweze kusema kwa nini inaruhusiwa kumgeuza, na sababu ni fupi. Jenga pembeni pembetatu yenye pembe mraba halisi na pande 60 na 80, upande wake wa tatu utakuwa 100, sasa zina pande tatu sawa na ile ya fundi, zinalingana, kwa hiyo pembe ya fundi ni mraba. Kwa nyumba nzima tumia mita 3, 4 na 5, kwa sababu kosa la sentimita moja kwenye vipimo vifupi linakua kadiri kamba inavyokwenda mbali.

5. Duara: angalieni kona iliyokaa kwenye kitovu

Duara ndilo linalowapeleka wengi, nami nalipenda kuliko mada zote, kwa hiyo mkilikosea naumia zaidi.

Pembe iliyo kwenye kitovu ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo, zikisimama juu ya tao moja. Nusu ya pili ya sentensi hiyo mnaimeza bila kuitafuna. Juu ya tao moja. Mmekariri ile picha yenye umbo la ncha ya mshale, mtunga swali akiigeuza tu mnapotea.

Kosa lenyewe ni hili. Pembenne OABC, O ni kitovu, A, B na C ziko kwenye mzingo, B ikiwa kwenye tao dogo. Pembe ya O ni 100°. Tafuta pembe ya B. Nusu ya darasa wanaandika 80°, wakisema pembe zinazotazamana za pembenne ndani ya duara zina jumla ya 180°. Kanuni hiyo inataka kona zote nne ziguse mzingo. O haigusi mzingo, O ni kitovu! Waliobaki wanaandika 50°, nusu ya 100. Lakini B iko kwenye tao dogo, kwa hiyo inalitazama tao kubwa, na pembe ya kitovu inayosimama juu ya tao kubwa ni 360 toa 100, yaani 260°. Nusu yake ni 130°. Kabla ya kutumia kanuni yoyote ya duara, wekeni kidole juu ya tao mnalolizungumzia. Kidole kabisa, juu ya karatasi.

Tanjenti, mstari unaoligusa duara mahali pamoja tu, na nusu kipenyo hukutana kwa pembe mraba pale tu tanjenti inapogusa, si popote kwenye mstari huo.

6. Fomula ya pembe za ndani

Idadi ya pande toa 2, zidisha 180. Mnaijua, mnachanganya tu wapi pa kugawanya. Asiyejua ilikotoka ndiye anayechanganya: simama kwenye kona moja, chora mistari kwenda kona nyingine zote, hesabu pembetatu. Umbo la pande tano linatoa pembetatu tatu, 540°, na kama pande zake na pembe zake zote ni sawa, kila pembe ni 108°.

Tabora hatukosi sega la asali, basi likipita nyumbani lishikeni mlitazame kabla hamjalikamua. Vyumba vyake vina pande sita. Pembe ya ndani ya pande sita zilizo sawa ni 120°, tatu zikikutana ni 360° na hakuna nafasi inayobaki. Pembetatu za pande sawa zinakutana sita, 60° kila moja. Miraba minne. Jaribu pande tano: tatu zinatoa 324°, unabaki na ufa wa 36°, na nne zinapita 360°. Zaidi ya pande sita, hata tatu tu hazitoshei. Kwa hiyo ukitaka kufunika sakafu kwa vigae vya umbo moja lenye pande na pembe zote sawa, kona zikikutana kwa kona, una chaguo tatu tu: pembetatu, mraba, pande sita.

7. Dunia kama tufe

Mada hii inawatisha bure. Ni duara tu, limepewa majina ya miji.

Kigoma na Tabora ziko karibu kwenye latitudo moja, nyuzi 5 kusini. Tanga nayo, upande wa pili wa nchi, iko karibu hapohapo. Longitudo ya Kigoma ni kama 29.6° mashariki, ya Tabora kama 32.8°. Zote mashariki, unatoa: 3.2°. Moja ingekuwa magharibi, ungejumlisha. Tumia nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,370 na pai 22/7, mzingo mzima unakuwa kilomita 40,040. Zidisha kwa 3.2, gawanya kwa 360, unapata kama kilomita 356.

Wengi mnaishia hapo, na hapo hamjamaliza. Duara la latitudo 5 ni dogo kuliko duara la ikweta, nusu kipenyo chake lazima kizidishwe kwa kosaini ya nyuzi 5, ambayo ni 0.9962. Jibu ni kama kilomita 355. Mnaniambia, kaka, kilomita moja tu? Ndiyo, hapa kwetu karibu na ikweta kosa ni kilomita moja, na ndiyo maana mnazoea kulifanya. Swali likihamia latitudo 60, kosaini yake ni nusu, jibu lako linakuwa mara mbili ya jibu sahihi. Njia isiyo sahihi huwa inaanza kwa kukupa jibu linalokaribia.

Reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 hupita zaidi ya kilomita 400 kati ya miji hii miwili, kwa sababu treni haifuati mstari wa latitudo. Na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4, jua la Kigoma huzama kama dakika 38 baada ya jua la Tanga, saa za ukutani zikiwa zinasoma sawa. Ndugu zenu wa Kigoma wanaowapigia jioni wakisema bado kweupe hawawadanganyi.

8. Yaliyobaki, haraka

Soma kama umepewa kipenyo au nusu kipenyo, usome tena. Usikate desimali katikati ya hesabu, kata mwishoni. Eneo lina vipimo vya mraba, ujazo vya kyubiki. Maumbo yanayofanana yakiwa na uwiano wa pande 2 kwa 3, maeneo ni 4 kwa 9 na ujazo ni 8 kwa 27. Kipimapembe kibaki ndani ya mkebe pale swali linaposema "thibitisha". Anayedesa uthibitisho wa mwenzake anadesa na makosa yake, na nayajua makosa ya kila mmoja wenu kwa mwandiko.

Kazi ya Jumamosi hii. Chora duara, kitovu O, kipenyo AB, na nukta C popote kwenye mzingo. Thibitisha kwamba pembe ya C ni mraba. Hairuhusiwi kutumia kanuni ya kitovu mara mbili ya mzingo. Ruhusa ni moja: unganisha O na C, utumie pembetatu zenye pande mbili sawa. Sababu pembeni ya kila mstari, na kila anayesema pande ni sawa aseme kwa nini ni sawa. Mje na madaftari, si picha kwenye simu.